Gari Lililocheza Ngoma ya Mjomba

Majuzi nilikuwa stendi ya Chato nikisubiri basi la Geita, na basi lenyewe lilikuwa limegoma. Dereva alikuwa amefunua injini, utingo kalala chini ya gari miguu ikiwa nje, na sisi abiria tumejipanga kivulini tukitoa ushauri ambao hakuna aliyetuomba. Upepo wa ziwani ukavuma mara moja tu, ukaniletea harufu ya oili iliyopata moto kupita kiasi. Sisemi dizeli, wala moshi. Oili ya injini ikikaribia kuungua ina harufu yake, nzito, yenye utamu kwa mbali, kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikavuta pumzi ndefu, nikavuta tena, mpaka mama mmoja aliyekaa jirani yangu akaniuliza kwa upole kama ni mimba. Nina miaka sitini na kitu, jamani.

Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi, na basi lingeweza kuwaka wakati wowote? Nyinyi mna nafasi, basi kaeni niwaambie kwa nini harufu ya oili moto inanifurahisha hivi hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tuliishi pembezoni mwa mji wa Shinyanga, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Mimi, Kabula, nilikuwa na miaka saba, mtoto wake wa kwanza, magoti yamejaa vumbi na mdomo haupumziki. Nyuma ya ghala la kiwanda kulikuwa na gari lililoachwa na Mzungu mmoja wa machimbo ya almasi alipoondoka nchini. Lilikaa pale muda mrefu mpaka kuku wa mlinzi wakafanya kiti cha dereva kuwa kiota chao. Siku moja msimamizi akamwambia baba aliondoe, linazuia malori. Baba hakusubiri kuambiwa mara mbili. Aliazima ng'ombe wanne wa kulimia, akalifunga mnyororo, likakokotwa hadi nyumbani huku watoto wa mtaa mzima tukilisindikiza, na yai moja likiwa bado limo kitini.

Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, jekundu chini ya vumbi, fupi kiasi kwamba mbuzi wetu dume aliweza kuchungulia upande wa pili bila kunyoosha shingo. Injini yake ilikaa nyuma, pale ambapo magari ya watu wenye akili zao huweka mizigo. Na ajabu kuliko zote, halikutumia maji. Lilipozwa kwa hewa na kwa oili yake lenyewe. Hilo watu hawakulikubali kabisa. Kila aliyekuja kulitazama alizunguka akitafuta mahali pa kuwekea maji, na baba alipomwambia hakuna, alimwangalia kama mtu anayefichwa siri. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye huruma, alifika asubuhi moja na debe la maji kichwani mwa mjukuu wake, akasema hata ng'ombe hunyweshwa.

Miaka mitatu baba alilitengeneza kila Jumapili baada ya misa. Alilifumua lote, akalirudisha lote. Hakuna aliyeruhusiwa kuliegemea. Mama alilipa jina la mke mwenza, na asubuhi alimsalimia baba kwa kumuuliza mke mwenzangu kaamkaje, kalala salama? Baba alicheka, lakini hakukanusha. Nadhani mama naye alicheka zaidi ya alivyotaka kucheka.

Sasa mjomba. Mama alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, kaka yake, mjomba Nkwabi. Wazazi wao walishakufa. Mjomba alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi la ngoma, na kwetu Usukumani ngoma si mchezo wa kupitisha muda. Kuna Wagika na kuna Wagalu, na zamani zile kila mtu alijua upande wake kama leo watu wanavyojua timu zao za mpira. Baada ya mavuno pande mbili hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa zilezile. Wote huimba na kucheza kwa pamoja, kundi moja upande huu, jingine upande ule. Hakuna mwamuzi wa kupiga filimbi. Watazamaji wenyewe ndio wanaohukumu: wanahama. Atakayekuwa na watu wengi upande wake jua likizama, ndiye ameshinda. Kwa hiyo manju hawezi kutegemea nyimbo peke yake. Lazima awe na kioja cha kuwavuta watu, na kila mwaka kioja kipya.

Mjomba alikuwa Mgalu, na alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo na manju wa Wagika kwa sababu yule bwana alikuwa na fisi. Fisi mzima, hai, kafungwa kamba shingoni, anazungushwa uwanjani huku amevalishwa koti. Mtamlaumu nani? Hata mimi mpwa wa damu nilihama kwenda kumwangalia fisi. Wazee wa kundi la mjomba wakakaa kikao, wakasema mwaka huu akishindwa tena ngoma zote zitachukuliwa na kukabidhiwa mtu mwingine. Mjomba akajibu mbele yao kwamba wakimpokonya ngoma hatakaa kijijini kuchekwa, atakwenda Geita kuchimba dhahabu, na asitafutwe.

Maneno hayo yalipofika nyumbani mama alikaa chini palepale jikoni. Binamu zake wawili walikuwa wamekwenda kuchimba huko. Mmoja aliporomokewa na shimo, mwingine hakuna anayejua hadi leo yuko wapi. Alikuwa akimjua kaka yake: akisema, anafanya.

Mjomba alikuja kwetu Jumapili iliyofuata. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika marahaba bila kunitazama, macho yote yako kwenye gari. Alilizunguka mara tatu. Alipomaliza, akamwambia baba, "Shemeji, hilo ndilo litakalomla fisi."

Baba alikataa. Alikataa vizuri, kwa heshima, kwa sababu za kifundi, na nilizielewa zote kwa kuwa nilikuwa naye chini ya gari kila Jumapili. Injini ile ilikuwa inachemka. Akiliendesha mpaka relini na kurudi, oili ilipata joto mpaka ikawa nyepesi kama maji. Kwenye ngoma lingetakiwa liwake kuanzia saa nane mpaka jua lizame. Oili ikishachemka haibebi tena chuma, vyuma vinasagana, injini inakwama na kufa, na injini nyingine kama ile haikuwepo kati ya Shinyanga na bahari. Mjomba alisikiliza yote, akaaga, akaondoka na baiskeli yake.

Mama hakusema kitu. Alipika, akaandaa, akanawisha watu mikono, akalala. Siku ya pili vilevile. Wale mliolelewa na mama wa namna hiyo mnajua kwamba nyumba inakuwa na mwangwi. Siku ya tatu baba aliweka tonge chini, akasema, kama anayeongea na mboga, kwamba huenda kuna njia, lakini kazi yake ni kubwa. Nilipiga ukelele nikamwaga mchuzi, na hakuna aliyenigombeza.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Gari lilikuwa na oili nyingi nyuma, na moto wote ulikuwa nyuma. Baba aliwaza kuipeleka oili matembezini: itoke kwenye injini, ipite chini ya gari mpaka puani kabisa, iingie kwenye rejeta ndogo nyuma ya bampa la mbele ipigwe na upepo, halafu irudi nyuma ikiwa imepoa. Rejeta ya oili aliipata kwenye trekta bovu lililokuwa limelala kiwandani. Ilikuwa na mapezi membamba ya shaba yaliyopinda, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyanyoosha moja moja kwa kijiti cha ufagio. Nilinyoosha siku nne. Nikifumba macho niliyaona.

Kilichosumbua ni mipira ya kupitishia oili. Iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lile ilikuwa Ulaya. Mpira wa kawaida ungeyeyuka. Baba alizunguka siku nyingi na wazo hilo kichwani, mpaka mchana mmoja alipokuwa kazini akitazama ile mashine kubwa inayokandamiza pamba kuwa marobota. Ile mashine inasukumwa kwa mafuta yenye nguvu, na mafuta hayo hupita kwenye mipira minene, myeusi, yenye waya wa chuma uliosukwa ndani yake. Mipira ya zamani ilikuwa imetupwa stoo. Aliiomba, akapewa, akaja nayo nyumbani kaizungusha mabegani, anaonekana kama wale wachezaji wa nyoka, na tangu siku ile nyumbani kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine.

Tulipima njia kwa kamba ya katani. Mimi ndiye niliyetambaa chini nikiishika kamba dhidi ya tumbo la gari, baba akipaza sauti kutoka nyuma niisogeze, niilegeze, nisiikunje. Mpira haupendi kona kali, alisema, ukiukunja unakuwa kama mtu aliyeshikwa koo. Tukapata urefu, akaongeza kiganja kimoja kila upande kwa ajili ya mtikisiko, akakata kwa msumeno wa chuma. Mipira miwili: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi.

Halafu tukaisafisha. Niliona baba akitia mafuta ya taa ndani, akafunga kitambaa kwenye uzi, akakivuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kikatoka kimebeba nyuzi za pamba. Kiwanda kizima kilikuwa ndani ya mipira ile. Akarudia. Nyuzi tena. Nilichoka nikasema, "Baba, si zimebaki kidogo tu?" Akanionyesha unyuzi mmoja mwembamba kwenye ncha ya kidole, akasema huu ukifika kwenye tundu la oili ndani ya injini, mjomba wako yuko Geita. Nikavuta kitambaa bila kulalamika mpaka kikatoka cheupe mara tatu mfululizo.

Mahali ambapo mpira ungesuguana na chuma, baba aliuvisha ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa kwa mkono, manyoya yake yakiwa nje, ya madoa meusi na meupe. Ukiinama chini ya lile gari la Ulaya ulidhani lina miguu ya ndama. Kukaza maungio alitumia spana mbili kwa pamoja, moja ya kushika, moja ya kuzungusha, kwa sababu ukitumia moja tu mpira wenyewe unajipinda ndani na siku moja utaachia. Aliniachia niishike ile ya kushika. Niling'ang'ania kwa mikono miwili. Mpaka leo nikikaza bomba la jikoni natumia spana mbili, na mafundi wananicheka.

Tulipotia oili, lita baada ya lita, baba aliagiza unga. Alitaka unga mweupe wa kupaka kwenye maungio yote, ili oili ikivuja hata tone ionekane. Mama alitoa bakuli la unga wa muhogo huku akisema hajawahi kuona mke mwenza anayepikiwa na mwenzake. Tukapaka, baba akawasha, injini ikanguruma, kuku wakatawanyika, tukalala kifudifudi sote watatu, mama na kanga yake, kutazama unga. Ulibaki mweupe. Nilimrukia baba mgongoni. Mama alikaa palepale chini akafunika uso kwa viganja viwili, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Siku mbili kabla ya ngoma mjomba alifika na pembe ndogo yenye dawa ya ngoma, akataka kupaka mipira. Kukazuka mabishano. Baba alisema ndani ya oili haiingii dawa ya mtu yeyote, awe mganga awe padri. Wakaafikiana dawa ipakwe nje tu, kwenye ngozi ya ng'ombe. Mama naye, alipoona hivyo, alikwenda chumbani akaja kutundika rozari kwenye kioo cha ndani. Kwa hiyo upande wa ulinzi tulikuwa kamili.

Kitu cha mwisho baba alichofunga kilikuwa geji ya joto ya oili, nayo ya trekta. Aliifunga katikati, kati ya kiti chake na changu, maana mimi ndiye ningekaa kando yake. Alichora alama nyekundu kwenye kioo chake. "Wewe kazi yako ni hii," akaniambia. "Mimi nitakuwa naangalia watu nisimkanyage mtu. Mshale ukigusa nyekundu, sema. Tutazima hapohapo, ngoma iwe imeisha au haijaisha." Nilimwapia kwa Mungu.

Siku yenyewe niliamka kabla ya majogoo. Nilivaa gauni la kipaimara la binamu yangu, limenikaa kama hema. Uwanja ulikuwa wa mnada wa ng'ombe, nje ya mji, na tulipofika watu walikuwa wameshajaa kuliko nilivyowahi kuona. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mikokoteni. Walikuwepo wachimbaji kutoka Mwakitolyo, wekundu wa vumbi mpaka kope, wanaongea kwa sauti kubwa kuliko wote. Wagika walikuwa upande wa magharibi wameshaanza, na fisi wao yupo, mwaka huu kavalishwa koti na tai.

Mjomba alitupa ishara, ngoma zikapigwa, baba akatia gia ya kwanza, tukaingia. Jamani. Sijawahi kupendwa na watu wengi kiasi kile, kabla wala baada. Sauti ya injini ilinipanda kupitia kitini mpaka menoni. Wachezaji wa mjomba walikuwa wamegawanyika pande mbili za gari, njuga miguuni, wanashuka na kupanda kwa pamoja, na baba alilipeleka gari kwa mwendo wao, hatua kwa hatua, klachi ikipandishwa na kushushwa ili gari liyumbe mbele na nyuma kwa mapigo. Gari lilikuwa linacheza, nawaambieni. Watu wa magharibi wakaanza kugeuza shingo. Kundi la kwanza likahama likikimbia, wachimbaji wakiwa mbele. Nilipunga mkono dirishani kama mke wa mkubwa.

Nilikumbuka geji baada ya mzunguko wa nne. Mshale ulikuwa umesimama vizuri katikati. Mzunguko wa sita ulikuwa umepanda. Nikamtazama baba, naye jasho linamtiririka, macho mbele. Ndipo nikaelewa kosa letu, na kwa mtoto wa miaka kumi kulielewa kosa la baba yako ni kama kumwona hana nguo. Rejeta inataka upepo. Baba alikuwa amewaza barabara, gari linakwenda, hewa inapiga puani. Hakuwa amewaza ngoma. Ngoma haikimbii. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa bibi anayetoka kisimani, na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa nyasi.

"Kabula, vipi?" baba akauliza, bila kugeuka.

"Bado," nikasema, na hapo ilikuwa kweli.

Wagika walikuwa hawajalala. Manju wao alimpandisha mtu juu ya nguzo ndefu, akacheza huko juu kwa mguu mmoja, na watu wetu kadhaa wakaanza kurudi magharibi. Uwanja ulikuwa nusu kwa nusu. Mjomba alikuja kando ya dirisha, uso umemkauka, akaimba huku akimpigia baba ishara aongeze mngurumo. Baba aliongeza. Mshale ukagusa rangi nyekundu.

"Vipi?"

Nilimwona mjomba kupitia dirishani, na nyuma yake nikamwona mama kati ya wanawake waitikiaji, mdomo wake unaimba lakini macho yako kwa kaka yake. Nikiri ukweli mwingine pia: nilikuwa na furaha kubwa mno kuiacha iishe.

"Bado, baba."

Harufu ilianza kuingia ndani, ile niliyoisikia stendi ya Chato. Karanga za kuungua, na ngozi ya ng'ombe inayoanza kukauka motoni. Mshale ukapita rangi yote, ukatokea upande wa pili. Akaniuliza tena. Nikamjibu tena bado, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya panya. Hakuzima.

Aliyetuokoa ni mama. Jioni ngapi alikuwa amelazimika kusikiliza habari za upepo na rejeta huku akisonga ugali? Alizisikia zote, kumbe, na alipoona moshi mwembamba unatoka nyuma ya gari alijua unamaanisha nini. Wanawake wa kundi walikuwa na nyungo zao, wanazichezea kama ilivyo desturi kwenye ngoma za mavuno. Mama alichomoka kwenye mstari, akakimbia mbele ya gari, akageuka akiwa anatembea kinyumenyume, akaanza kuipepea pua ya gari kwa ungo, kwa nguvu, kama anayepepeta mtama wa gunia zima. Wenzake hawakuelewa hata kidogo, lakini walimfuata. Wakawa watano, wakawa kumi na zaidi, wanarudi nyuma kwa mapigo ya ngoma, nyungo zinapanda na kushuka kwa pamoja, vumbi linaruka.

Watu wakaduwaa. Walidhani ndiyo ngoma yenyewe, ndicho kioja kilichofichwa mpaka mwisho. Na mjomba, ambaye alikuwa haelewi chochote kuhusu rejeta, alikuwa manju kweli. Hakuvuta pumzi mbili. Akatunga papo hapo:

Mpepeeni bibi harusi,
katoka mbali, ana joto,
mpepeeni asizimie
kabla hajamwona mkwe.

Kundi likapokea. Uwanja ukapasuka. Walikuja wote, wakikanyagana, wanawake wa watu wasiowajua mjomba wala mama wakivua kanga mabegani na kuingia kupepea. Hata waliokuwa chini ya ile nguzo ya Wagika walikimbia, yule wa juu akabaki kule peke yake akiomba ashushwe. Fisi alikaa chini na tai yake, akakataa kuvutwa. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye geji. Mshale ulitikisika, ukasimama, ukarudi upana wa punje moja ya mtama. Ukarudi nyingine. Ulipotoka kwenye rangi nyekundu nililia kwa sauti na hakuna aliyenisikia.

Jua lilizama huku upande ule wa magharibi hauna mtu ila Wagika wenyewe na fisi wao. Wazee wa kundi walimfuata mjomba palepale wakamvisha shanga zao, na mama akamshika kaka yake mkono, hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani. Mjomba hakwenda Geita. Alibaki na ngoma zake mpaka uzee, na wimbo ule wa bibi harusi uliimbwa Usukumani miaka mingi na watu ambao hawakujua kwamba bibi harusi mwenyewe alikuwa na mipira ya kiwandani tumboni. Gari liliendelea kuishi miaka kadhaa, kisha likakosa matairi, likarudi kwa kuku.

Uongo wangu niliutunza. Nilisoma nao, nikaolewa nao, nikazaa nao. Kila nilipomwona baba akimsifu mtu mkweli nilitazama pembeni. Nilijua kwamba kama si mama, ningekuwa nimeiua injini ya miaka mitatu ya Jumapili za baba yangu, naye akiwa ameniamini.

Baba alipozeeka, yeye na mama walihamia Runzewe kwa mdogo wangu. Nilikwenda kuwasalimia mwaka mmoja msimu wa karanga, tukakaa barazani tukimenya, mama akiwa upande wa pili wa sinia. Sijui kilichonisukuma. Nikasema, "Baba, siku ile ya ngoma ya mjomba nilikudanganya. Mshale ulikuwa umeshapita nyekundu."

Aliendelea kumenya. "Najua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje. Akaonyesha kwa kidole mahali pa hewani, upana wa kiganja kutoka goti lake. "Geji ilikuwa hapa. Na pua ninayo."

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza?"

Aliigeuzageuza karanga mkononi. Alikuwa mtu wa kutafuta neno kama anavyotafuta spana, akijua lipo, hajakumbuka tu kaliweka wapi.

"Ningeiangalia mwenyewe," akasema, "ningezima."

Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba nilipewa geji kwa kuwa nilikuwa mtoto mwerevu wa kuaminika. Kumbe alihitaji mtu wa kumwambia bado, na alimjua mwanawe. Alikuwa tayari ile injini ife, ila si kwa mkono wake. Nilicheka, halafu nikaona siwezi kuendelea kucheka.

Mama alikuwa ameacha kumenya. Aliita tu, "Baba Kabula," kama mtu anayetaka kuuliza kitu, halafu hakuuliza. Akasogeza karanga alizokwisha kumenya, zote, upande wa baba wa sinia.